Ndoa Isiyokwisha: Kuoa na Kuolewa Tena Wakati Talaka Ingali Mahakamani

Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara, iliyotungwa mwaka 1971 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huohuo, inaieleza ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu kwa uhai wao wote, na kwa sababu hiyo imeweka njia chache mno ambazo muungano huo unaweza kufikia kikomo. Njia hizo ni kifo cha mmoja wao, amri ya mahakama inayotamka kwamba mwenzi aliyepotea adhaniwe amekufa, amri ya kubatilisha ndoa, amri ya talaka, na talaka iliyopatikana nje ya nchi bila kupitia mahakama ambayo sheria ya Tanzania imekubali kuitambua. Hakuna njia ya sita. Miaka kumi ya kuishi mbalimbali haimo katika orodha hiyo, kurudishwa kwa mahari hakumo, kikao cha wazee wa pande mbili hakimo, wala haimo barua ambayo mume aliiandika kwa hasira na kuituma kwa wakwe.

Lugha ya kila siku haina ubahili wa namna hiyo. Kiswahili husema "wameachana" kwa watu waliogombana wiki iliyopita na kwa watu waliokwisha kusomewa hukumu na hakimu, humwita mtu "mtalaka" tangu siku aliyorudi kwao na mabegi yake, na neno "talaka" lenyewe hubeba mambo mawili yasiyolingana: tamko la mume, ambalo huweza kutoka kwa pumzi moja, na amri ya mahakama, ambayo huweza kuchukua miaka. Mtu anayelitumia neno hilo kwa maana ya kwanza huku hakimu akilisoma kwa maana ya pili anaweza kufunga ndoa mpya kwa nia njema kabisa, mbele ya mashahidi na kwa baraka za ndugu, kisha akaja kugundua kwamba machoni mwa sheria hakufunga ndoa yoyote.

Talaka huwa ya ubishani pale mmoja wa wanandoa anapopinga ama kuvunjwa kwa ndoa yenyewe, ama mambo yanayoandamana na kuvunjwa huko, yaani mgawanyo wa mali zilizochumwa pamoja, matunzo, na suala la nani akae na watoto. Tofauti hii si ndogo, kwa sababu wapo wengi wanaokubali kwamba ndoa imekwisha na hawana haja ya kurudiana, lakini wanaipinga talaka kwa nguvu zote kwa kuwa nyumba iliyojengwa kwa jasho la wawili imeandikwa jina la mmoja. Mahakama hugawa mali za wanandoa inapotoa amri ya talaka au ya kutengana, au baada ya kuitoa, na tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kuchuma mali, mgawanyo huo umekuwa jambo zito kuliko lilivyokuwa kwa kizazi kilichotangulia. Anayeharakisha kuoa tena aghalabu ndiye anayetaka amri itoke upesi, na anayejua kwamba mwenzake ana haraka hujua pia kwamba muda ni silaha.

Safari ya kufikia amri hiyo huanzia mbali na mahakama. Sheria inakataza kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapelekwa katika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, ambalo liko katika kata au, kwa jumuiya za dini zilizoidhinishwa, chini ya taasisi kama BAKWATA ya Waislamu na makanisa, na baraza hilo likathibitisha kwa maandishi kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Kuna hali chache zinazomwondolea mtu sharti hili, kama vile mwenzi kutelekeza na kutojulikana aliko, kufungwa gerezani kwa kipindi cha miaka mitano au zaidi, au kuitwa barazani na kukaidi kwa makusudi. Aidha, ndoa iliyo chini ya miaka miwili haifunguliwi shauri la talaka bila kibali cha mahakama, na kibali hicho hutolewa pale tu mwombaji anapoonesha kwamba anapata taabu isiyo ya kawaida.

Hati ya baraza, ambayo watumishi wa mahakama na wananchi waliowahi kuipitia huiita Fomu Na. 3, inastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu ndiyo karatasi inayopotosha watu kuliko nyingine yoyote. Ina muhuri, ina majina ya wote wawili, ina saini ya mwenyekiti, na inasema wazi kwamba suluhu imeshindikana. Kwa jicho la mtu asiyezoea nyaraka za kisheria, inafanana kwa kila hali na cheti cha talaka. Kumbe kazi yake ni moja tu, nayo ni kumfungulia mwombaji mlango wa mahakama, tena kwa muda maalumu, kwa kuwa hati hiyo haina budi iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya shauri kufunguliwa. Mwanamke anayeitia fomu hiyo mkobani na kwenda kuolewa, akidhani ameachika kwa maandishi, anakwenda kuolewa akiwa mke wa mtu.

Baada ya shauri kufunguliwa, swali linaloikabili mahakama si nani mkosaji bali ni kama ndoa imevunjika kiasi kisichoweza kurekebishika. Ugoni, ukatili, kutelekezwa kwa miaka mitatu au zaidi, kutengana kwa hiari kwa muda kama huo, na mambo mengine yaliyotajwa na sheria huwa ni ushahidi wa kuvunjika huko, na mjibu maombi anayebisha ana haki ya kuuhoji ushahidi, kuleta wake, na kuiomba mahakama iamini kwamba bado kuna cha kuokoa. Mahakama ikimwamini, shauri hutupwa na wanandoa hubaki kuwa wanandoa. Inaweza pia kutoa amri ya kutengana badala ya talaka, na hapa napo upotofu ni mwingi, kwani amri ya kutengana huwaondolea wahusika wajibu wa kuishi pamoja lakini haiwaondolei hadhi ya kuwa mume na mke, hivyo haimpi yeyote kati yao ruhusa ya kwenda kufunga ndoa kwingine.

Katika kipindi chote hicho, kuanzia barazani hadi hukumu inaposomwa, kanuni ya sheria ni ileile na haijali ukubwa wa ugomvi: ndoa ipo. Sheria inamkataza mwanamume aliye katika ndoa ya mke mmoja kufunga ndoa nyingine, inamkataza mwanamume aliye katika ndoa ya wake wengi kumwoa mwanamke mwingine kwa ndoa ya mke mmoja, na inamkataza mwanamke yeyote aliyeolewa kuolewa na mume mwingine, iwe ndoa yake ya kwanza ni ya namna gani. Ndoa inayofungwa kinyume cha makatazo haya ni batili. Neno hili linahitaji ufafanuzi, maana wanasheria hutofautisha ndoa batili na ndoa inayoweza kubatilishwa: ya pili ni ndoa halali hadi mahakama itakapoamua vinginevyo, lakini ya kwanza haikuwa ndoa hata dakika moja, na haiponi kwa kudumu miaka mingi, kuzaa watoto, wala kwa talaka ya awali kutolewa baadaye. Wawili hao wakitaka kuwa mume na mke hawana budi kufunga ndoa upya.

Ukali huu unaonekana vizuri zaidi ukilinganishwa na makosa ambayo sheria iko tayari kuyafumbia macho. Wanaotaka kuoana wanatakiwa kutoa taarifa ya nia yao siku 21 kabla, na taarifa hiyo hueleza kama kila mmoja ni mseja, mjane au mtalaka, ili yeyote mwenye pingamizi apate kulileta. Lakini taarifa isipotolewa, au ikitolewa kwa kasoro, ndoa haibatiliki kwa sababu hiyo pekee. Mahari isipolipwa, ndoa haibatiliki. Ndoa iliyotangulia isipokuwa imevunjwa, hapo hakuna msamaha, na anayeandika katika taarifa kwamba ni mtalaka huku akijua kwamba shauri lake bado linasikilizwa anafanya kosa la jinai juu ya ubatili wa ndoa yenyewe.

Msomaji makini atakuwa amekwisha kuona kwamba makatazo hayo hayawabani wanaume na wanawake sawasawa. Ndoa ya Kiislamu na ile ya kimila hudhaniwa kuwa ni za wake wengi mpaka ithibitishwe vinginevyo, hivyo mwanamume aliyeoa kwa taratibu hizo, akiwa katikati ya shauri la talaka linalobishaniwa, anaweza kuoa mke mwingine kwa taratibu kama hizo bila kuvunja sheria, mradi asivuke mipaka ya dini yake. Mke aliye mahakamani anaweza kuweka pingamizi, kwa mfano akionesha kwamba uwezo wa mume ni mdogo na mke wa pili atamletea dhiki yeye aliyetangulia, lakini inampasa kujua habari za ndoa hiyo kabla haijafungwa, jambo ambalo si rahisi kwa mtu asiyeishi tena na mume. Mwanamke aliye katika shauri hilohilo, mwenye sababu zilezile za kuichoka ndoa, hana la kufanya ila kusubiri. Hivyo mume anayeipinga talaka anaweza kuwa na arusi yake mpya huku akimzuia mwenzake kuwa na yake, na ni vigumu kusema kwamba watunga sheria wa mwaka 1971, ambao kwa mambo mengi walitangulia wakati wao, waliifikiria hali hiyo vya kutosha. Kwa waliofunga ndoa ya Kikristo hali ni tofauti: ndoa hiyo ni ya mke mmoja na haigeuzwi kuwa ya wake wengi, kwa hiyo mume na mke wamefungwa kwa kamba moja.

Hatari haiishi siku hukumu inaposomwa. Asiyeridhika ana haki ya kukata rufaa, na sheria imetoa siku 45 kwa rufaa inayokwenda Mahakama Kuu. Zikipita, bado anaweza kuomba aongezewe muda kwa kueleza sababu za msingi. Mahakama ya juu inaweza kuithibitisha talaka, lakini inaweza pia kuitengua, na ikiitengua wahusika hurudi kuwa mume na mke kana kwamba hukumu ya chini haikutolewa. Iwapo rufaa inahusu mali au watoto tu, talaka kwa kawaida hubaki ilivyo, ila hilo nalo lina mtego wake, kwa sababu Mahakama ya Rufani imeshikilia zaidi ya mara moja kwamba shauri lililofunguliwa bila hati halali ya Baraza la Usuluhishi lilifunguliwa kabla ya wakati wake na mwenendo wake wote ni batili, na mahakama huweza kuiibua dosari ya namna hiyo yenyewe hata kama waliofika mbele yake walikuja kugombea kiwanja. Watu waliokuwa wakibishania thamani ya nyumba hutoka mahakamani wakiwa wameambiwa kwamba hawajaachana. Kama mmoja wao alikwisha kuoa au kuolewa katika miaka ya kati, ndoa yake mpya imepoteza msingi.

Hukumu ya upande mmoja, yaani ile inayotolewa baada ya mjibu maombi kutofika mahakamani, ni dhaifu zaidi. Mwombaji anayedai kwamba hajui mwenzake aliko, akapata amri ya talaka kwa urahisi na kuoa mwezi unaofuata, amejenga juu ya mchanga, kwa sababu mwenzake akijitokeza na kuthibitisha kwamba hakupata wito wa mahakama anaweza kuomba hukumu hiyo iondolewe na shauri lisikilizwe upya. Ndiyo maana mawakili wenye busara humshauri mteja asiishie kuwa na nakala ya hukumu iliyothibitishwa kwa muhuri, bali asubiri muda wa rufaa upite, aulize masjala ya mahakama kama kuna rufaa au maombi yoyote yaliyofunguliwa, kisha amri isajiliwe kwa RITA, wakala wa serikali unaotunza kumbukumbu za ndoa na talaka. Mtu anayetaka kuoana na mtalaka naye ana kila sababu ya kuomba kuziona nyaraka hizo, hata kama swali hilo litaonekana si la adabu wakati wa uchumba.

Kwa Waislamu wa Tanzania Bara, mambo yana tabaka moja zaidi. Kwa mujibu wa fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, talaka ya mume huanza kazi anapoitamka, na mwanamke akimaliza eda, ambayo kwa asiye mjamzito mwenye kupata hedhi hupimwa kwa twahara au hedhi tatu kulingana na madhehebu, na kwa mjamzito huisha kwa kujifungua, yuko huru kuolewa. Sheria ya Ndoa haikuipuuza talaka hiyo, lakini imeipa nafasi tofauti: wanandoa wakiwa wameoana Kiislamu, baraza likiwa limethibitisha kushindwa kuwapatanisha, na baada ya hapo mmoja wao akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu lingeivunja ndoa, mahakama inalazimika kuona kwamba ndoa imevunjika kiasi kisichorekebishika na kutoa amri. Mpangilio wa hatua hizo ndio roho ya kifungu hicho. Kwa kuwa wanaume wengi hutamka talaka kwanza na kwenda barazani baadaye, au wasiende kabisa, Mahakama ya Rufani imekwisha kueleza kwamba talaka iliyotangulia hati ya baraza haitimizi masharti ya kifungu hicho. Mwanamke aliyeachwa kwa namna hiyo yuko huru mbele ya sheikh wake na bado ni mke mbele ya hakimu, na akiolewa anabeba hali zote mbili kwa pamoja.

Upande wa Zanzibar hauna mgongano huo kwa sura hiyo, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haitumiki huko, na mashauri ya ndoa na talaka ya Waislamu huamuliwa na Mahakama za Kadhi. Ubishani unaopatikana humo ni wa aina nyingine: kama mume aliitamka talaka au hakuitamka, kama ni talaka rejea, ambayo humruhusu mume kumrejea mkewe ndani ya eda bila ndoa mpya, au ni talaka ya mwisho, na kama alimrejea kweli kabla eda haijaisha. Swali hili la mwisho lina uzito wa pekee kwa anayetaka kuolewa, maana mume anayedai kwamba alimrejea mkewe siku chache kabla ya eda kukatika anadai kwamba ndoa haikuvunjika kamwe. Mke anayetaka kutoka wakati mume hataki kutamka ana njia ya khului, yaani kujikomboa kwa kurudisha mahari au fidia waliyokubaliana, au ya fasakhi, ambayo ni kadhi kuivunja ndoa kwa sababu zinazokubalika kisheria.

Kwa Wakatoliki mgongano hukaa upande wa pili. Kanisa halitambui kwamba hakimu anaweza kuvunja ndoa ya wabatizwa, hivyo mtu mwenye amri kamili ya talaka bado huzuiliwa kuoa tena, si na serikali bali na padri wake, mpaka mahakama ya Kanisa itakapotamka kwamba ndoa ile tangu mwanzo haikuwa halali. Mageuzi aliyoyafanya Papa Francis mwaka 2015 yaliondoa ulazima wa hukumu mbili zinazoafikiana kabla ya tamko hilo kukubaliwa, lakini mwenzi anayepinga ameachiwa haki ya kukata rufaa, na kuna kesi zinazosimama kwa sababu hiyo. Tamko la Kanisa, kwa upande wake, haligusi hadhi ya kiserikali: aliyelipata bila kupitia mahakama ya nchi ana ruhusa ya altare na hana ruhusa ya sheria.

Nchini Kenya, ambako Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imezikusanya pamoja ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, kanuni ya msingi ni hiyohiyo, isipokuwa mahakama zimekuwa na desturi ya kutoa amri ya talaka kwa awamu mbili. Amri ya kwanza ni ya muda, nayo hutangaza kwamba sababu za kuvunja ndoa zimethibitishwa. Ya pili, ambayo hufuata baada ya kipindi kilichowekwa, ndiyo inayoivunja ndoa. Anayeoa kati ya awamu hizo ameoa akiwa na ndoa, na Kanuni za Adhabu za Kenya zinaweka kifungo cha hadi miaka mitano kwa anayefunga ndoa iliyo batili kwa sababu ya ndoa nyingine kuwa hai, ingawa zinamwachilia yule ambaye mwenzi wake ametoweka kwa miaka saba mfululizo bila kusikika kwamba yu hai. Uingereza, inakoishi jamii kubwa ya wasemaji wa Kiswahili, nayo ina awamu mbili, ya amri ya masharti na ya amri ya mwisho, ambayo huombwa wiki sita na siku moja baadaye. Tangu tarehe 6 Aprili 2022 mwenzi huko hawezi tena kuipinga talaka kwa hoja kwamba ndoa haijavunjika. Anaweza tu kuhoji mambo machache kama uwezo wa mahakama kulisikiliza shauri au uhalali wa ndoa. Talaka iliyotamkwa nyumbani London bila mahakama haitambuliwi na sheria ya huko, hata kama ndoa ilifungwa Tanga au Mombasa.

Wapo wanaoikwepa sherehe na kuamua kuishi tu na mwenzi mpya huku shauri likiendelea, wakidhani kwamba pasipo cheti hapana kosa. Ni kweli kwamba hawajafunga ndoa batili, lakini mume au mke anayepinga talaka anaweza kumshitaki huyo mgeni na kumdai fidia ya ugoni, haki ambayo Sheria ya Ndoa inampa mke sawa na mume. Dhana ya ndoa nayo haiwasaidii. Sheria inasema kwamba mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi na kujulikana kwa watu kuwa ni mke na mume hudhaniwa kuwa wameoana, lakini dhana hiyo hukanushwa kwa ushahidi, na hakuna ushahidi unaoikanusha vizuri kuliko cheti cha ndoa nyingine iliyo hai. Mahakama ya Juu ya Kenya, katika uamuzi wake wa Januari 2023, ilikaza uzi huohuo iliposema kwamba wanaodai dhana ya ndoa lazima wawe na uwezo wa kisheria wa kuoana. Dhana ikishindwa Tanzania, mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto, na watoto wenyewe hawapotezi haki, kwani Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza ubaguzi kwa misingi ya kuzaliwa. Anayepoteza ni mtu mzima, na hasara yake huonekana siku ya msiba.

Mume akifa kabla amri ya talaka haijatolewa, shauri la talaka hufa naye, na mke aliyekuwa akigombana naye mahakamani huwa mjane. Yeye ndiye mwenye haki ya kuitwa mjane katika mirathi, iwe inaendeshwa kwa sheria ya Kiislamu, ya kimila, au kwa Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865 ambayo hadi leo inatumika Tanzania Bara kwa baadhi ya Wakristo. Yeye ndiye anayetambulika kwa mwajiri na kwa mfuko wa pensheni. Mwanamke aliyemuuguza marehemu hadi pumzi ya mwisho, kama ndoa yake ilifungwa juu ya ndoa ya mke mmoja isiyovunjwa, hana nafasi katika orodha hiyo isipokuwa kupitia watoto wake. Kikao cha familia kinachokaa baada ya maziko huweza kumhurumia, lakini msimamizi wa mirathi hagawi huruma. Nyumba ya ndoa nayo haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mke au mume wa halali, ambaye anaweza kuiwekea zuio kwa msajili wa hati muda wote ubishani unapoendelea.

Limebaki swali la tarehe, ambalo masheikh na mawakili hulijibu kila mmoja kwa kitabu chake. Mwanamke wa Dodoma au Kigoma aliyetamkiwa talaka baada ya hati ya baraza, kisha akapata amri ya mahakama miezi minane baadaye, aanze kuhesabu eda tangu siku gani? Kwa kitabu cha sheikh, eda ilianza siku ya tamko na imekwisha zamani. Kwa kitabu cha sheria, siku ile ya tamko ndoa ilikuwa ingali hai, na tamko lilikuwa ni ushahidi tu uliopelekwa mbele ya hakimu. Anayetaka kuolewa bila kuacha mwanya kwa mumewe wa zamani huchukua tarehe iliyo mbali zaidi kati ya hizo mbili, huongeza juu yake muda wa rufaa, na ndipo humruhusu mchumba kuleta posa.